Kiungulia cha Mama na Chupa ya Shangazi

Wiki iliyopita nilipita sokoni nikamkuta mama mmoja anauza mboga za majani. Pembeni ya mafungu yake alikuwa ameweka kopo lililotobolewa chini, limejaa majivu, linadondosha maji ya rangi ya chai kwenye bakuli. Sijui kama ninyi wa rika langu bado mnaikumbuka harufu ya maji yale. Si ya moshi wala si ya sabuni, ni kitu cha katikati, kinachokaa puani kama ukuta wa udongo uliolowa mvua. Nilinunua mboga ambayo sikuihitaji, nikasimama pale muda mrefu mpaka yule mama akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia hapana. Nilikuwa namkumbuka shangazi yangu Leokadia, dada yake baba, na jinsi nilivyomfukuza nyumbani kwetu nikiwa na miaka kama minane hivi.

Tulikaa Malangali, hapa Sumbawanga, katika nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo baba aliijenga chumba kimoja kimoja. Baba alikuwa seremala, na alikuwa na shamba la mahindi na ulezi upande wa Mollo. Mama alishona nguo kwenye kibanda karibu na soko. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee. Shangazi alikuja kukaa nasi baada ya kufiwa na mumewe. Hakuwa amejaliwa mtoto. Alikuja na gunia la ulezi, blanketi moja la kijivu na sanduku la bati. Baba alimwamkia shikamoo kila asubuhi, jambo lililonishangaza sana, kwa sababu mpaka siku ile nilidhani baba hakuwa na mtu wa kumwamkia hapa duniani.

Nililala naye kitanda kimoja. Nyanda za Ufipa zina baridi, na mwezi wa sita upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi unapita chini ya mlango kama mtu anayetafuta kitu. Shangazi alinifunga miguu yangu ndani ya khanga yake kwanza, ndipo akajifunika yeye. Nalisema hili mapema ili mjue kwamba hakuwahi kunitendea baya lolote.

Kwa kuwa mama alishinda kwenye cherehani, jiko likawa la shangazi. Alipika ugali wa ulezi, maharage, mboga za majani, na samaki wa kukausha walioletwa kutoka ziwani. Mwenyewe alikula kila kitu. Alitafuna pilipili mbichi kama mtu anayetafuna karanga. Alikamua ndimu mdomoni. Akishashiba aliinama papo hapo kupalilia bustani ya nyuma, au alijinyoosha chali kwenye mkeka juani. Mama alimtazama kwa kijicho cha utani.

"Wifi, tumbo lako ni la chuma."

"Tumbo langu halina maneno," shangazi alijibu.

Mwaka ule ule mama alianza kuungua. Kila baada ya kula alinyamaza ghafla, akakunja ngumi na kuibana katikati ya kifua. Uso wake uliingia ndani. Alimeza mate mara nyingi, na wakati mwingine alitoka haraka kwenda kutema maji machungu nyuma ya nyumba. Akiinama kwenye cherehani ilimpanda. Akipiga magoti kanisani ilimpanda, akawa anabaki ameketi wakati wengine wote wako chini, na watu wakamtazama. Alisema ni kiungulia. Neno lile nililichukua jinsi lilivyo. Nilielewa kwamba ndani ya mama kuna kitu kinaungua, kinaungua kweli, kama kuni. Nilikuwa nikiweka kiganja kifuani pake kupima joto. Kila nilipoiona ngumi ile nilikimbilia mtungini nikamletea kikombe cha maji ya baridi, na alikunywa yote asinivunje moyo, hata siku ambazo maji yenyewe yalirudi. Yalipotapikwa nilijua moto ule umenishinda nguvu.

Alijaribu kila alichoambiwa. Alitafuna vidonge vyeupe vyenye harufu ya peremende, alikunywa maziwa yaliyopoa, alilamba unga mbichi wa mahindi. Zahanati walimwambia ale kidogo kidogo na asilale akiwa ameshiba. Ilipungua, kisha ikarudi. Akaacha chai, akaacha pilipili, na nguo alizojishonea mwenyewe zikaanza kumning'inia mabegani.

Mama Eda alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango, na alikuwa kiongozi wa akina mama katika jumuiya yetu. Hakuwa mtu mbaya. Alimletea mama maziwa bila kuombwa, na alimwombea kwa jina kila tulipokutana kusali. Siku moja walikuwa wanamenya viazi uani kwetu, shangazi akiwa shambani na baba, nami nimekaa kwenye kizingiti nikimvisha gunzi nguo ya kitambaa.

"Kuna kitu kinanisumbua," Mama Eda alisema, kwa sauti ya chini. "Mnakula watu wanne. Chungu kimoja, mwiko mmoja. Kwa nini aungue mmoja?"

"Labda ni mwili wangu tu," mama alisema.

"Huo mwili wako ulikuwaje kabla wifi yako hajaja?"

 Mama aliendelea kumenya, ila nikaona anamenya kiazi ambacho kilikwisha kumenywa. Swali lile liliingia ndani yangu likakaa. Nilikuwa nimezoea kwamba wakubwa wana majibu, na hapa palikuwa na swali ambalo mama yangu mwenyewe hakulijibu. Niliona kwamba nimetumwa mimi kulitafutia jibu.

Nikaanza kumchunguza shangazi. Jumamosi moja mchana nilikuwa nje, karibu na dirisha la jiko, wakati anapakua. Alipakua mboga kwenye mabakuli manne. Kisha akatazama mlangoni. Akaingiza mkono nyuma ya jiwe la kusagia, akatoa chupa ndogo iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi, akamimina kidogo kwenye bakuli lenye mstari wa buluu. Bakuli lile lilikuwa la mama, peke yake. Akakoroga kwa kidole. Akakilamba kidole. Akairudisha chupa mahali pake.

Sikumwambia mama wala baba. Nilimwambia Mama Eda, kwa sababu swali lilikuwa lake. Nilimwambia kuhusu mlango uliotazamwa, chupa, jiwe na bakuli la buluu. Kuhusu kidole kulambwa sikusema. Sikuwa nimekusudia kuficha. Niliona tu kwamba hakikuhusika.

Jumapili baada ya misa Mama Eda alikuja na wanawake wawili wa jumuiya. Waliketi sebuleni na baba na mama, na shangazi akaitwa. Mimi nilisimama nyuma ya pazia la mlango wa chumbani.

"Dada," baba alisema, "inasemekana una chupa jikoni."

Shangazi hakuuliza nani amesema. Alikwenda akaileta mwenyewe, akaiweka mezani.

"Ni maji ya majivu," alisema. "Majivu ya maganda ya maharage. Apolinari, umesahau mama yetu alipokuwa mgonjwa wa kiungulia hiki hiki? Si alikuwa akikoroga haya haya anakunywa?"

"Kwa nini umwekee kwa siri?" Mama Eda aliuliza.

"Nilimwambia wifi mara ya kwanza akacheka. Alisema majivu ni mambo ya shamba. Nikaona bora nimwekee matone, apate nafuu bila kujua."

Wote wakamtazama mama. Mama alikuwa akitazama sakafu.

Shangazi akaizibua chupa, akainywa mpaka ikaisha, akajifuta mdomo kwa upindo wa khanga. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akisubiri waseme. Nilimwangalia kwa kitundu cha pazia nikitegemea ngumi ije kifuani. Haikuja. Alikaa vile vile.

Mmoja wa wale wanawake akasema taratibu, "Mwenye dawa haimdhuru."

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukuwa na kitu ambacho shangazi angeweza kufanya. Kama angeungua, ingekuwa sumu. Hakuungua, ikawa yake. Baba alikuwa na nafasi ya kusema neno. Alikuwa mwenye nyumba, na yule alikuwa dada yake. Aligeuzageuza chupa tupu mikononi mwake kama kipande cha mbao anachotafuta kasoro yake.

"Mimi sijasema kitu," mama alisema.

"Ndiyo, wifi," shangazi alisema. "Hujasema kitu."

Jumanne aliondoka kwa basi la Namanyere, kwa binti wa mama yao mdogo. Asubuhi kabla ya kwenda stendi alinikalisha katikati ya magoti yake akanisuka nywele. Alisuka polepole mno, mstari baada ya mstari, na kila nilipodhani amemaliza alifumua mmoja akaurudia. Nilidhani ananiadhibu. Leo nadhani alikuwa akitafuta sababu ya kubaki saa moja zaidi.

Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitamka neno mchawi. Nililisikia bombani, kutoka kwa watoto wenzangu waliotaka kujua kama nililala naye kweli kitanda kimoja.

Mama akaanza kupika mwenyewe. Chungu kilioshwa kwa mchanga, mwiko ukachomwa, mwingine ukanunuliwa. Na mama akaendelea kuungua. Ngumi ile ile, mahali pale pale. Nilisubiri wakubwa waseme. Siku zikapita, zikawa majuma, nami kila mlo nilikuwa nikimtazama baba, kisha mama, nikisubiri mmoja wao aweke tonge chini aseme kwamba tumekosea, twende Namanyere. Mwishowe nikauliza.

"Mama, shangazi si alishaondoka? Mbona bado unaungua?"

"Kula," mama alisema.

Nikala. Kuanzia siku ile sikumletea tena kikombe cha maji, na yeye hakuniuliza sababu.

Nilikua, nikasoma, nikawa mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa Sumbawanga. Baba alikuwa akipeleka salamu na mahindi Namanyere kupitia watu wa mabasi, lakini yeye mwenyewe hakwenda, na shangazi hakuja. Alikuja siku ya kumzika baba. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndefu. Aliketi nyuma kabisa, mbali na wanawake wengine. Chakula kilipogawiwa alimega tonge moja, kisha akaisogeza sahani. Nikaona wanawake wawili wanaangaliana. Mtu wa namna ile akikataa chakula cha msiba, kila mmoja ana maelezo yake kichwani. Nilikuwa nimechoka na maelezo ya namna hiyo, na sehemu kubwa ya uchovu ule ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nilipomwona anainuka kwenda nyuma ya nyumba, nikamfuata.

Alikuwa ameinama, mkono mmoja ukutani, anatoa lile tonge moja, likiwa zima, kama lilivyoingia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Konso."

"Linauma?"

"Haliumi. Halijawahi kuuma. Linakataa tu kupita." Alipumua. "Sasa ni uji tu, na uji wenyewe mwepesi."

Baada ya matanga nilimpeleka hospitali ya Mbeya. Mama alisema anakwenda pia. Sikumwalika. Alifunga mzigo wake akakaa nao mlangoni. Katika basi, kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya, wale mawifi wawili walikaa kiti kimoja, na sikuwasikia wakizungumza zaidi ya kuulizana kama dirisha lifungwe.

Daktari alikuwa dada wa makamo, mwenye sauti ya upole. Walimwingiza shangazi mpira mwembamba wenye taa na kamera kupitia mdomoni. Daktari alipomaliza alituita wote watatu. Alisema koo la chakula la shangazi limefanya makovu sehemu ya chini, karibu na tumbo, na makovu yale yamebana njia. Asidi ya tumboni imekuwa ikipanda miaka mingi, inachubua, panapona, inachubua tena.

"Si kansa," alisema. "Tumechukua kinyama kidogo kupima ili tuwe na uhakika, lakini sioni dalili yake. Njia tutaipanua."

Majibu ya kipimo yalipotoka baadaye, ilikuwa kweli, si kansa.

Siku ile mama alikuwa ameinamisha kichwa. Ndipo akauliza lile swali, baada ya miaka yote ile, kwa maneno karibu yale yale.

"Daktari, mimi na huyu tulikula chungu kimoja. Mimi niliungua mpaka nikakonda. Yeye hakusikia kitu. Kwa nini?"

"Wewe uliwahi kupimwa hivi?"

"Nilipimwa baadaye. Waliniambia koo langu halina kidonda."

Daktari akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kulisikia hilo mara nyingi. "Asidi hupanda kwa watu wengi, mama. Hata mimi, nikila nikashiba, kidogo hupanda. Pana mlango kati ya tumbo na koo, na kwa wengine umelegea zaidi. Lakini kupanda ni jambo moja, na kusikia ni jambo lingine. Kwako wewe mishipa ya fahamu iko macho sana. Kiasi kidogo tu, ambacho hakijachubua chochote, unakisikia kama moto. Na mtu akiwa na hofu, au hajalala vizuri, au kila akila anakaa akisubiri kuungua, mishipa inazidi kuwa macho. Huyu wifi yako mishipa yake ni mizito. Amechubuka miaka na miaka, na mwili haukumwambia."

"Na kinachofanya mmoja awe hivi na mwingine vile?"

"Mengine tunayajua. Ngozi ya ndani ya koo, kwa mmoja hupitisha asidi haraka kuliko kwa mwingine. Umri nao hupunguza kusikia. Mengine bado hatujui."

"Kwa hiyo si kitu mtu alichoniwekea."

Daktari alimtazama bila kuelewa. "Nani akuwekee nini?"

 Shangazi alikuwa akitazama dirishani.

Nilimfuata daktari nje nikamuuliza kuhusu ile chupa, kama inawezekana maji yale ya majivu ndiyo yaliyombana koo. Aliniuliza kama aliungua mdomo siku ile, na kama alishindwa kula wiki zilizofuata. Nikasema hapana, alitafuna pilipili kesho yake. Akasema basi si hilo. Nilishusha pumzi, lakini nilijua kwamba deni langu kwake lilikuwa lingine.

Walimpanua koo mara mbili. Baada ya mara ya pili alikunywa uji mzito, na siku iliyofuata akala ugali laini, akitafuna taratibu kama mtu anayesoma barua. Tulikuwa tumekaa benchi la nje, juani, mama amekwenda kuchukua dawa. Nikamwambia.

"Shangazi, ni mimi niliyesema habari za chupa."

"Najua. Niliiona miguu yako chini ya pazia."

"Hukusema kitu."

"Niseme nini, mwanangu? Ulisema ulichokiona."

"Sikusema chote. Ulilamba kidole. Nilikuona. Ulikoroga bakuli la mama, kisha ukalamba kidole. Hilo sikuwaambia."

 Watu wawili walipita mbele yetu wakisukuma kiti cha mgonjwa, na shangazi alisubiri mpaka wakapotea kabisa.

"Hilo sikulijua," alisema. Kisha, baadaye, "Ungesema, wangesikia?"

"Sijui."

"Na mimi sijui."

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Alinisogezea bakuli lake nile ugali uliobaki, nami nikala.

Tuliporudi Malangali mama aliiomba jumuiya isalie kwetu. Rozari ilipokwisha alisimama, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alisema wifi yake hakumlisha kitu kibaya, hakuwahi, na kwamba yeye mwenyewe alijua hivyo tangu wiki ile alipoanza kujipikia na bado akaungua. "Nilijua nikanyamaza," alisema. "Niliona aibu ya kumrudisha ni kubwa kuliko ya kumwacha." Mama Eda alikuwa pale, amezeeka, fimbo katikati ya magoti. "Sisi tulikuwa tunakuombea wewe," alisema, na nadhani ilikuwa kweli. Baada ya hapo shangazi mwenyewe alipakua chakula akakigawa. Wengi walikula. Wawili walishika sahani zao muda wote wakizungumza, na walipoondoka tulizikuta chini ya viti, zimejaa. Shangazi ndiye aliyeziokota.

Mama alimwomba abaki. Alimwambia chumba ni kile kile. Shangazi akasema amesikia yote yaliyosemwa na moyo wake umetulia, lakini Malangali hataishi tena. Tulimsindikiza stendi, akapanda basi la Namanyere, akakaa upande wa dirisha.

"Utarudi lini, wifi?" mama aliuliza.

"Njooni ninyi."

Tulikwenda. Kila mwezi, kwa miaka minne, mpaka tulipomzika, tulipanda basi la asubuhi, na shangazi alikuwa ametupikia. Hakupunguza pilipili na mama hakumwambia apunguze. Mama alikula sahani nzima akaongeza, akamsifu mpishi, akaaga vizuri. Kisha basi likishatoka Namanyere, likiingia kwenye mashamba, ngumi ilikuja kifuani, na alifumba macho njia nzima hadi nyumbani. Siku moja nilimuuliza kwa nini asile kidogo tu, shangazi angeelewa.

"Chakula chake kinaniunguza tangu zamani," mama alisema, macho yake yakiwa yamefumbwa. "Sasa najua ni mimi."